Pigo la Kumi

Mjukuu wangu aliponiletea karatasi yake sikujua kwamba naletewa mtihani. Ilikuwa wiki ya Krismasi ya mwaka 2023. Nyumba yetu ya hapa Nyakakika ilikuwa imejaa watoto na wajukuu, na mvua ilikuwa imetufungia barazani tangu asubuhi. Kijana alinisalimu kwa adabu, akavuta kigoda karibu na kiti changu, akasema, "Babu, naomba unikagulie hesabu." Juu ya karatasi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MAPIGO 9 KWA ZAMU MOJA. Mwalimu wa zamani akisikia neno mapigo, mawazo yake hukimbilia kwenye viboko. Nikamwuliza ni nani aliyehukumiwa adhabu kali namna hiyo. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Hakuna aliyehukumiwa. Kijana yuko chuo kikuu Dar es Salaam, na kila Jumamosi yeye na wenzake wanne hukutana kucheza mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Yeye anashika nafasi ya mpiganaji, mtu wa upanga na deraya. Kwa majuma mengi alikuwa akipekua kanuni ili ajue mpiganaji wake anaweza kupiga mara ngapi, kwa wingi kabisa, kabla zamu haijamhama. Amefika tisa. Alitaka mimi, niliyefundisha hisabati katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi kabla sijawa mkuu wa chuo, nimthibitishie.

Nikamwambia sikagui jibu pasipo kusoma swali. Basi akaniletea kitabu cha kanuni. Nilikisoma siku tatu, kalamu mkononi, kama nilivyozoea kusoma maandalio ya somo ya wanachuo. Haya ninayoyaandika ni uhakiki wa kile nilichokisoma, na hasa wa sura ile ya mpiganaji. Msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo wenyewe asiogope. Hauna ugumu wa kumshinda mtu aliyewahi kusikiliza hadithi usiku huku akimkatiza msimulizi.

Maana kwa kweli mchezo wenyewe ndio huo. Mmoja wa wachezaji ni msimulizi. Yeye hueleza kwamba mko mlangoni mwa pango, na ndani mnasikia sauti. Kila mmoja wa waliobaki anamiliki mtu mmoja wa kubuni: huyu mchawi, yule mwizi, yule kuhani, yule mpiganaji. Kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu yenye pande 20 huamua. Hakuna mshindi kama wa mpira. Wote wanashinda pamoja au wanaangamia pamoja, na wakirudi nyumbani wanayo hadithi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitunga peke yake. Mchezo huu ulichapishwa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Ulichipuka katika mchezo wa vita wa sanamu ndogo za askari ulioitwa Chainmail, uliotoka mwaka 1971. Asili hiyo ikumbukwe, kwa sababu kwenye mchezo wa vita askari ni tarakimu, na harufu ya tarakimu haijamtoka mpiganaji hadi leo.

Sasa tuingie katika mapigo yenyewe. Nilichokipenda kuliko vyote ni historia yake, kwa kuwa kanuni moja imebadilishwa mara kadhaa, na kila badiliko linaonyesha waandishi walivyofikiri kuhusu vita.

Katika kitabu cha mwaka 1978, raundi moja ya mapigano ilihesabiwa kuwa dakika nzima. Mpiganaji wa daraja la 1 hadi la 6 alikuwa na pigo moja kwa raundi. Kuanzia la 7 hadi la 12 alipata mapigo matatu kwa raundi mbili, na kuanzia la 13 alipata mawili kwa kila raundi. Mtu atauliza: dakika nzima, pigo moja? Mpishi wa ndizi hukata zaidi ya hapo! Lakini Gygax alilijibu swali hilo. Alieleza kwamba ndani ya dakika ile watu wanazungukana, wanatishiana, wanakinga, wanarudi nyuma. Dadu hairushwi kwa kila mnyanyuo wa upanga. Hurushwa kwa ile nafasi moja ya kweli inayopatikana katikati ya vurugu. Kwa maneno mengine, pigo lilikuwa jina la nafasi. Mpiganaji hodari alikuwa mtu anayeona nafasi nyingi zaidi ya wengine, wala si lazima awe mwenye mkono mwepesi zaidi. Fikra hiyo ni ya mtu mzima, nami ninaisifu.

Kitabu cha mwaka 2000 kiliifupisha raundi hadi sekunde 6 na kuleta kanuni nyingine. Mpiganaji wa daraja la 16 alipata mapigo manne, lakini kila pigo lilikuwa dhaifu kuliko lililotangulia kwa pointi 5 za dadu. Na ili apige yote manne ilimpasa asimame pale pale alipo, asisogee zaidi ya kama mita moja na nusu. Tuchukue mfano. Pigo la kwanza linahitaji 5 au zaidi kwenye dadu, yaani nafasi 80 kwa 100. La pili litahitaji 10, nafasi 55. La tatu litahitaji 15, nafasi 30. La nne litahitaji 20 kamili, nafasi 5 kwa 100. Jumlisha: mapigo manne yanazaa, kwa wastani, mapigo 1.7 yanayompata adui. Kanuni hii ina ukali wake, lakini inasema kweli mbili ambazo kila mtu aliyelima anazijua: jembe la nne si sawa na la kwanza, na mwenye kutaka kufanya mengi mahali pamoja hawezi kuwa mahali pengine.

Kitabu alichonacho mjukuu wangu ni cha mwaka 2014. Hiki kimeondoa uchovu. Mpiganaji anapata pigo la pili katika daraja la 5, la tatu katika daraja la 11, la nne katika daraja la 20, na yote yana nguvu sawa. Tena anaweza kutembea, apige, atembee, apige. Zaidi ya hayo, tangu daraja la 2 ana haki ya kujikaza na kurudia tendo lake lote ndani ya zamu ile ile, kisha haki hiyo haimrudii mpaka apumzike. Basi mara mbili nne ni nane. Akishika upanga mwepesi katika kila mkono, ule wa kushoto unamwongezea pigo moja, na hiyo ndiyo tisa ya kijana. Hesabu yake haikuwa na kosa hata la nukta.

Nilipomwambia hivyo alifurahi, akataka kuichukua karatasi. Nikamwambia, "Keti kwanza. Nimethibitisha kwamba umehesabu mapigo. Sijathibitisha kwamba ulipaswa kuhesabu mapigo."

Tukachukua mpiganaji wa daraja la 5, kwa kuwa ndipo alipokuwa mpiganaji wake halisi; daraja la 20 lilikuwa bado ndoto. Tukamweka mbele ya kibwengo wa kitabuni, ambaye kinga yake ni 15 na uhai wake ni 7. Mpiganaji wetu ana nyongeza ya 7 kwenye dadu, kwa hiyo anahitaji 8 au zaidi, ambayo ni nafasi 13 katika 20, yaani 65 kwa 100. Kwanza tukampa panga mbili fupi, kama kijana alivyotaka. Mapigo mawili ya mkono wa kulia yanadhuru wastani wa 7.5 kila moja, na la kushoto, ambalo kwa mtu asiye na mafunzo maalumu halipewi nguvu ya misuli, linadhuru 3.5. Mapigo matatu, jumla 18.5, mara 65 kwa 100, ni kama 12. Kisha tukampa upanga mmoja mkubwa wa mikono miwili, wenye wastani wa 11 kwa pigo. Mapigo mawili tu, jumla 22, mara 65 kwa 100, ni 14.3. Hapo tumeiacha kando ile 20 ya bahati, ambayo huongeza madhara pande zote mbili.

Mapigo mawili yameyazidi matatu. Na kuna aibu nyingine ndogo iliyojificha. Pigo lile la tatu, ambalo kijana alilitolea jasho, pasipo ile 20 ya bahati haliwezi kumwua kibwengo mzima, kwa kuwa hapo madhara yake ya juu kabisa ni 6, na kibwengo ana uhai 7. Linaweza kummaliza aliyekwisha kujeruhiwa tu. Kijana alinyamaza akiitazama ile 6 na ile 7. Nilimwacha anyamaze. Ukimya wa namna hiyo mwalimu haukatizi.

Lakini mhakiki mwadilifu hana budi kusema na upande wa pili. Wingi wa mapigo una faida yake, nami sitaki msomaji adhani nauona upuuzi mtupu. Upanga mkubwa wenye 11 ukimpiga kibwengo mwenye 7, nguvu 4 zinamwagika chini kama maziwa. Maadui wakiwa wengi na dhaifu, mwenye mapigo mengi anagawa nguvu zake vizuri zaidi. Vilevile mwenye pigo moja akikosa amekosa zamu nzima, bali mwenye matatu akikosa moja bado ana mawili. Kwa hiyo mapigo mengi ni jibu zuri kwa swali fulani. Kosa la kijana lilikuwa kulifanya jibu la swali moja kuwa jibu la maswali yote. Hata hivyo, njiani alikuwa amejifunza nafasi za kubahatisha vizuri kuliko wanachuo wengi niliowafundisha kwa ubao na chaki. Hilo nalo nalitia katika mizani.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwa kitabu zaidi kuliko kwa kijana. Tazama jinsi kitabu kinavyowakuza watu wake. Mchawi akipanda daraja anapewa neno jipya: leo anawasha moto, kesho anaruka angani, keshokutwa anapita ukutani. Kila daraja linamfungulia njia nyingine ya kuwapo katika hadithi. Mpiganaji akipanda daraja anapewa, kwa sehemu kubwa, neno lile lile mara ya pili. Kisha mara ya tatu. Kisha mara ya nne. Ni kama mwalimu ambaye kila akipandishwa cheo anaongezewa vipindi vya somo lile lile. Basi tusishangae kijana mwenye akili, aliyechagua mpiganaji kwa kupenda ushujaa, akamaliza kwa kuhesabu. Kitabu kimempa kitu kimoja tu cha kuzidisha, naye amekizidisha.

Waswahili wa pwani wanayo hadithi ya mpiganaji ambaye kitabu hiki kisingejua kumpima. Fumo Liyongo, jitu la mwambao wa Kenya, ambaye mwaka 1913 Muhammad Kijumwa aliiandika habari yake kwa utenzi, hakudhurika kwa mkuki wala upanga. Aliyemwua ni mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba ya kitovuni, usingizini. Pigo moja. Lakini sehemu inayonishika mimi ni ile inayofuata. Liyongo aliamka na jeraha lake, akachukua upinde, akatoka mpaka kisimani, akapiga goti akiwa amevuta mshale, akafa katika hali hiyo. Mji mzima ukashindwa kuteka maji, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumsogelea. Kwenye karatasi ya mjukuu wangu, Liyongo wa kisimani angeandikiwa mapigo 0 kwa zamu. Na zamu zake zile za sifuri ndizo alizouzuia mji.

Nikipeleka fikra kwenye bao, jambo ni lile lile. Bao la Kiswahili nilifundishwa na mkufunzi mwenzangu kutoka Unguja, tulipokuwa wote vijana chuoni. Mashimo 32, kete 64, na zamu ambayo inaweza kuendelea: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazichukua na kuendelea kusambaza, na ukila za mwenzako unaziingiza kwenu na kuendelea tena. Mgeni wa bao hulewa na jambo hilo. Anataka zamu yake isiishe. Mwenzangu alikuwa na subira ya kuniangalia nikizunguka. Kuna mahali ambapo kanuni inakupa hiari: katika mtaji wako kete ya mwisho imeangukia nyumba yako, lile shimo lenye akiba, na unaweza kulala hapo au kusafiri, yaani kuzichukua zote na kuendelea. Mimi nilikuwa msafiri wa kudumu. Nyumba ikijaa tu, nasafiri, kete zinalia kote ubaoni, nakula hapa na pale, watazamaji wanashangilia. Kisha zamu inarudi kwake, naye anatazama jinsi nilivyozitawanya kete zangu mstari wa mbele, anaweka kete moja, na mavuno yangu yote yanakwenda kwake. Aliniambia mara moja tu, na hakurudia: "Mwalimu, unahesabu unachokula. Hesabu unachoacha."

Sikumwelewa kwa miaka mingi. Nilidhani anazungumzia bao.

Tarehe 27 Desemba mvua ilikatika, na tukafanya jaribio. Nilimwomba kijana awe msimulizi. Mimi nikashika mpiganaji wake wa ndoto, yule wa daraja la 20 mwenye mapigo 9. Wajukuu wengine watatu wakashika mchawi, mwizi na kuhani. Mchawi alikuwa msichana wa miaka kumi, ambaye alikuwa amekwisha kuamua kwamba mchawi wake anaogopa popo. Tukaingia pangoni. Zamu yangu ilipofika nilirusha dadu mara tisa, na kila ilipompata adui nikarusha tena ya madhara, nikajumlisha kwa sauti, kijana akaandika. Nilikuwa nimeivua saa yangu na kuiweka mezani kwa makusudi. Zamu yangu ilichukua dakika nne na nusu. Ya mwizi, nusu dakika. Raundi ya pili kuhani aliomba ruhusa ya kwenda kuchuma matunda ya pesheni, hakurudi. Msichana wa miaka kumi alikaa, kwa kuwa ana heshima, lakini alikuwa ameanza kuchora popo pembeni mwa karatasi yake. Zamu ilipomfikia niliuliza mchawi anafanya nini. Akajibu bila kuinua macho, "Hakuna aliyebaki, babu. Umewaua wote."

Ndipo kijana aliponiambia alichokuwa amenificha. Wenzake wa Jumamosi walikuwa wamechoka. Mmoja, aliyekuwa rafiki yake tangu sekondari, alikuwa ameacha kuja mwezi mzima. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Zamu ya mpiganaji ilikuwa inarefuka, kila juma hila mpya, dadu mpya, mjadala mpya wa kanuni, na wenzake wakawa watazamaji wa hesabu za mtu. Naye, badala ya kuuliza kwa nini rafiki haji, alikuwa ameleta karatasi kwa babu ili athibitishiwe kwamba hesabu ni sahihi. Alitaka cheti cha kuwaonyesha.

Ningeweza kumkemea. Lakini nilikuwa na karatasi yangu mwenyewe, ya zamani kuliko yake.

Mwaka 1986, nikiwa mkufunzi, nilitunga safu mpya katika fomu tuliyotumia kukagua wanachuo wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Safu hiyo ilihesabu maswali ambayo mwanachuo anawauliza wanafunzi katika kipindi cha dakika 40. Nia yangu ilikuwa njema. Walimu wetu walikuwa wakihutubia darasa kama mkutano wa hadhara, nami nilitaka wanafunzi wahusishwe. Nikaamini kwamba mwenye maswali mengi ndiye mwalimu bora, na fomu ikaamini pamoja nami. Mwanachuo mmoja wa kiume aliijua fomu ile kama mjukuu wangu anavyokijua kitabu chake. Alipiga maswali 43 kwa kipindi kimoja. "Hii ni nini? Ni mche. Ni nini? Mche. Sawasawa? Ndiyo, mwalimu!" Nilimpa A.

Juma lile lile nilimkagua binti mmoja. Saa mbili na nusu asubuhi aliwatoa watoto nje ya darasa, kila mmoja na kijiti chake, wakapima kivuli cha mgomba uliokuwa kando ya uwanja. Aliwauliza swali moja: kivuli hiki kitakuwa na urefu gani saa sita, na kwa nini? Kisha akanyamaza. Watoto wakabishana. Wawili wakalala chini kulitazama jua kupitia majani. Mmoja akasema mgomba unapungua kwa njaa ya mchana, na wenzake wakamwendea juu, wakamdai ushahidi. Binti hakusema kitu. Nilisimama na fomu yangu, nikasubiri aongeze swali la pili, hakuongeza. Kipindi kikaisha. Nikaandika 1 kwenye safu, na safu ikanipa C, nami nikaitia sahihi.

Mwaka uliofuata niliifuta safu ile kwenye fomu. Niliifuta kimya kimya, bila kueleza mtu sababu, na alama ya binti yule ikabaki ilivyokuwa, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kupelekwa. Alifundisha maisha yake yote katika wilaya hizi zetu. Tulikutana miaka ya karibuni msibani. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaniuliza hali ya nyumbani, akaniletea kiti. Hakuutaja mgomba. Nami, mtu wa zaidi ya miaka sabini, niliyesimama mbele ya mahafali mengi na kuhutubia juu ya ukweli, sikuutaja pia. Nilikalia kiti alichoniletea.

Hayo nilimweleza mjukuu wangu barazani, siku ile ya tarehe 27, na kabla ya hapo sikuwa nimemweleza mtu yeyote. Alinisikiliza akiwa ameshika dadu mkononi bila kuirusha. Kisha akaniuliza swali zuri, la mtu anayefikiri: "Sasa, babu, mpiganaji asipohesabu mapigo, ahesabu nini?"

Sikuwa na jibu la kwangu, ila nilikuwa nimeliona moja kitabuni. Tisa si mwisho. Lipo pigo la kumi. Katika sura ya uganga, mchawi ana uwezo wa kumtia mwenzake wepesi, na aliyetiwa wepesi anapata tendo moja zaidi katika kila zamu, ambalo anaweza kulitumia kwa pigo moja. Kijana alilijua, lakini hakuliandika kwenye karatasi kwa sababu, alisema, "hilo si langu." Ni kweli. Ni la mchawi, ambaye ametoa zamu yake kwa ajili hiyo, na inambidi aendelee kukaza nia. Mchawi akijeruhiwa na nia yake ikavunjika, wepesi unatoka, na mpiganaji anapigwa na bumbuazi zamu nzima, asitembee wala asitende. Kwa hiyo mwenye pigo la kumi ana kazi mpya ambayo mwenye tisa hakuwa nayo: inampasa asimame kati ya adui na mchawi wake. Inampasa amtazame mwenzake.

Hapo ndipo ninapokisamehe kitabu sehemu ya lawama niliyokitwika. Mapigo tisa kimeyaweka katika sura ya mpiganaji, ili kila mmoja ayahesabu peke yake. La kumi kimelificha katika sura ya mtu mwingine, na hulipati mpaka uwe na rafiki mezani, tena rafiki ambaye hajachoka. Sijui kama waandishi walikusudia hivyo. Mhakiki halazimiki kujua walichokusudia. Analazimika kusema kilichomo.

Chini ya karatasi ya kijana niliandika kwa kalamu nyekundu, kama zamani: "Hesabu sahihi. Tafuta la 10." Hakufurahia sana. Alitaka A. Aliikunja, akaitia mfukoni, na tarehe 2 Januari akapanda basi kurudi Dar es Salaam. Wakati wa Pasaka alinipigia simu, tukasalimiana, tukaulizana habari za masomo na za migomba. Mwishoni akasema bado ana panga zake mbili, hakuweza kuziacha, ila siku hizi anarusha dadu zote kwa mkupuo mmoja, na hesabu anaifanya wakati wenzake wanacheza. Rafiki yake amerudi. Ndiye mchawi.

Mimi bado sijakwenda kwa yule mwalimu. Kwake si mbali, ni safari ya nusu saa kwa pikipiki, na najua nyumba yenye mgomba mrefu mbele ya mlango. Nimeandika habari hii kwanza, pengine kwa sababu kuandika ni rahisi zaidi. Lakini zamu ni yangu, na hakuna wa kunitia wepesi.